Hatua Mia Mbili, Kupitia Sindo

"Kwa hivyo mtu akiniuliza mtoto wangu anasoma wapi," Joash alisema, "mimi ninyooshe kidole?"

Alikuwa amesimama katikati ya jiko langu, spana mkononi, mafuta ya mashine yamempanda hadi viwikoni.

"Nyoosha mkono mzima ukitaka," nikamwambia. "Shule ni ile pale. Haitahama."

"Ndiyo shida yenyewe, Mama Vale. Haitahama!"

Ugomvi huo ulikuwa umeanza kabla ya chai, na sasa chai ilikuwa imepoa na kuweka utando. Binti yetu Valentine alikuwa amepangiwa nafasi ya Gredi ya Kumi katika Sekondari ya Nyarongere, shule ya bweni iliyo hapahapa Masara, upande wa Migori. Kutoka mlango wa jiko langu hadi lango la Nyarongere ni hatua mia mbili. Nimezihesabu. Kengele ya shule ikilia, kuku wangu hukimbilia bandani wakidhani ni wao wanaitwa.

Fomu ya kukubali nafasi ilitaka sahihi za wazazi wote wawili. Yangu ilikuwepo tangu Jumamosi. Ya Joash haikuwepo. Mwisho wa kupokea watoto na masanduku yao ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Dakika moja baadaye, nafasi ingekwenda kwa mtoto mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Vale aliitaka Nyarongere kwa sababu moja tu: maabara yake ina mabomba, na mabomba yale yanatoa maji. Shule aliyoitaka babake, kule Sindo upande wa Homa Bay, haikuwa na maabara. Ilikuwa na mandhari ya ziwa.

"Baba, mandhari haichanganyi kemikali," Vale alisema kutoka mlangoni.

"Ndugu yangu ana mtoto Sindo," Joash alinijibu mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema. "Siku ya kufungua shule, sanduku la yule mtoto lilipanda juu ya basi, likafungwa kwa kamba, soko zima likaliona. Langu litapanda nini? Wilbaro?"

Kabla sijamjibu, gari la matangazo likapita nje likipiga kelele:

"Tangazo rasmi! Tangazo rasmi! Kuanzia leo Jumatatu, umbali umekoma! Hakuna mtoto wa Migori atakayevuka kwenda kusoma Homa Bay, wala wa Homa Bay atakayevuka kuja Migori, bila sababu ya kisayansi! Mzazi atakayepatikana akiisifu shule kwa kuwa iko mbali atatakiwa kueleza, kwa maandishi, mbali na nini! Imetolewa na Kamati ya Pamoja ya Kusogeza Elimu Karibu na Nyumbani!"

"Yawa!" Joash akashika kichwa. "Nani huyu anaandika upuuzi kama huu?"

"Mimi," nikasema. "Maliza chai, nachelewa kazini."

Lazima nieleze, maana watu wa nje huiona kazi ya kamati kama mchezo. Mimi, Robi, nina diploma ya ukatibu na utunzaji wa kumbukumbu, na ndimi katibu wa Kamati hiyo. Kamati iliundwa baada ya kugunduliwa jambo zito. Kila muhula unapoanza, basi lililojaa watoto wa Masara huenda Sindo, na basi lililojaa watoto wa Sindo huja Masara. Mabasi hayo hukutana Sori. Watoto hushuka, hununua mandazi kwenye kibanda kimoja, hupungiana mikono, kisha kila kundi huendelea kwenda kusoma pale kundi la pili lilipotoka. Mwaka juzi watoto wawili walikosea basi hapo Sori wakajikuta wamerudi nyumbani. Wazazi wao waliwalisha wiki nzima wakidhani ni likizo.

Ofisi kubwa ilitutumia mwenyekiti ambaye pia ni mkurugenzi, Bwana Stanley Omanga, mtu mwenye sauti nzito na kalamu nyekundu. Mkurugenzi alipangishiwa nyumba yenye mabati ya kijani, iliyo ukuta kwa ukuta na Nyarongere. Ofisi yetu ilikuwa maktaba ya shule. Vitabu vilihamishiwa stoo ya mahindi, ambako inasemekana vinasomwa na panya kwa bidii. Mkurugenzi alikata kijilango kwenye ua ili atoke kitandani hadi kitini kwa hatua arobaini. Alikiita mfano hai wa ukaribu. Watoto wake watatu wanasoma mbali sana, mmoja wao mahali ambapo hata yeye hulazimika kutazama kwenye ramani, lakini hiyo ni kwa ajili ya utafiti linganishi.

Wajumbe walikuwa wawili. Wa kwanza ni Madam Nyanchoka, mwalimu mkuu wa Nyarongere, anayekuja kila asubuhi kwa pikipiki kutoka mjini Migori. Wa pili ni Mzee Obare wa Sindo, aliyeteuliwa kuwakilisha Homa Bay kwa sababu ya hekima yake, na kwa sababu punda wake husimama mlangoni mwa ofisi ya elimu ya Sindo tangu asubuhi hadi jioni na hakuna anayeweza kumwondoa. Walidhani wakimpa mzee kazi, atakwenda naye. Mzee alikuja, punda akabaki.

Jumanne tulisikiliza wananchi katika bwalo la shule. Swali lilikuwa moja: kwa nini unampeleka mtoto mbali?

Alianza Nyasuguta, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay.

"Mkubwa wangu, Sammy, nilimsomesha karibu," alisema. "Saa nne, mapumziko, anapita nyumbani kuona kama omena imekauka. Saa saba anapita kuigeuza. Saa tisa mawingu yakija, darasa zima linakuja kuanua. Mpaka mwalimu. Tena mwalimu ndiye alikuwa hodari."

"Kwa hivyo," Mkurugenzi alisema akiandika, "shule ilishirikiana na jamii."

"Hapana, mheshimiwa. Mimi nilipata vibarua. Sammy akapata alama D. Mdogo wake nimempeleka Homa Bay, huko hakuna omena ya mama yake."

Akafuata Maroa, mfugaji, mtu mrefu aliyekataa kuketi.

"Mtoto akiwa karibu ni wa kila mtu," alisema. "Ng'ombe akizaa, aitwe. Mjomba akija, aitwe aje amsalimie. Kukiwa na matanga, aitwe abebe viti. Akiwa mbali tunasema, muacheni, anasoma. Nani atatuma mtu Sindo amwite mtoto kubeba viti?"

"Na je, mkiamua tu kutomwita?" Mkurugenzi aliuliza.

Maroa alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefika matanga na mikono mitupu.

"Sasa viti vitabebwa na nani?"

Hapo Madam Nyanchoka akamgeukia Mzee Obare, maana ilijulikana kwamba wajukuu wa mzee wako hapa Nyarongere, mbali na kwao.

"Na wewe, Mzee? Shule ya Sindo ina kasoro gani?"

"Mwalimu wa hesabu," Mzee Obare akasema. "Yule kijana nilikuwepo siku anazaliwa. Alitanguliza miguu. Mtu ameingia duniani kinyumenyume, atamfundisha nani hesabu?"

"Lakini Mzee, mwalimu huyo alihamishiwa kwangu mwaka jana. Ndiye anayewafundisha wajukuu wako."

"Eeh, nimesikia," mzee akasema kwa furaha. "Wanasema huku ni hodari sana."

Nilirekodi yote. Mkurugenzi alikwenda nyumbani, hatua arobaini, akafikiri. Jumatano asubuhi alirudi macho yakimeta.

"Bi Katibu, andika. Wananchi wanataka umbali. Ofisi inataka ukaribu. Wajinga wangeona hapo mgongano. Mimi naona fursa. Tutawapa umbali bila kuwaondoa karibu!"

Huo ndio ulioitwa Umbali wa Kiutawala. Ulikuwa hivi. Mtoto anayeishi karibu na shule atapanda basi la shule langoni mwa Nyarongere. Atapelekwa Sindo. Huko fomu yake itagongwa muhuri kuthibitisha kwamba amesafiri. Kisha basi litamrudisha langoni mwa Nyarongere, ambako atapokewa kama mgeni kutoka mbali, kwa heshima zote.

Madam Nyanchoka aliinua mkono.

"Samahani, Mkurugenzi. Mtoto huyu anatoka wapi, anakwenda wapi?"

"Anatoka nyumbani, anakwenda shuleni."

"Nyumbani ni pale."

"Ndiyo."

"Na shuleni ni hapa."

"Sasa umeanza kuelewa," Mkurugenzi akasema.

Niliandika kanuni zote kumi na mbili. Kanuni ya saba niliiandika hivi: mwanafunzi yeyote anayeishi ndani ya kilomita tatu kutoka lango la shule, akiingia bila muhuri wa Sindo, atahesabiwa kuwa hajafika. Mkurugenzi aliisoma, akakunja uso.

"Mwanafunzi," alisema. "Hili ni neno dogo, Bi Katibu. Hii ni kanuni, si barua ya kuomba ruhusa. Inatakiwa iwe na kifua." Akafuta kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake: *mtu yeyote*. Akatia sahihi. Akaniambia nichape nakala tano.

Nilichapa. Na kwa kuwa mimi husoma ninachochapa, nilikaa kidogo nikaitazama ile kanuni ya saba, kisha nikajiandikisha kulisindikiza basi la Alhamisi.

Jioni nilimpelekea Joash fomu kwenye karakana. Sikuwa naiamini ile safari hata kidogo, lakini nilikuwa na siku mbili, mume mmoja mbishi, na mtoto anayetaka mabomba yanayotoa maji.

"Atapanda basi?" aliuliza.

"Atapanda."

"Sanduku litawekwa juu?"

"Juu, kwa kamba."

"Litapita sokoni?"

"Mchana kweupe."

Akapangusa mikono, akachukua kalamu, akatia sahihi. Wala hakuuliza basi linakwenda wapi.

Alhamisi kundi la kwanza liliondoka. Majina yaliitwa kwa alfabeti, hivyo Vale wangu alibaki kwa kundi la mwisho, la Ijumaa. Mimi nilikwenda na basi, nikashuka Sindo, nikampita punda wa Mzee Obare mlangoni, nikagongewa muhuri wangu kama watoto. Karani wa huko alishangaa.

"Mama, na wewe unaanza Gredi ya Kumi?"

"Gonga," nikamwambia.

Mpango ulifanikiwa kupita kiasi. Tuliporudi jioni, wazazi walikuwa wamepanga mstari langoni kuwapokea watoto waliowaaga langoni hapohapo. Mama mmoja alilia kwa ajili ya binti aliyekuwa anamwona akianika soksi. Baba mwingine alikumbuka kwamba mtoto wake amesahau sabuni. Alipoileta langoni, askari akamuuliza muhuri uko wapi. Baba yule hakubisha. Alipanda magari matatu hadi Sindo usiku uleule, akamwamsha karani, akarudi kesho yake na sabuni na muhuri, akasema safari imemfungua akili, na kwamba kweli shule hii iko mbali.

Mkurugenzi alianza kuandika hotuba ya kupokea tuzo. Tuzo yenyewe haikuwa imetajwa na mtu.

Ijumaa alfajiri Joash alimuaga binti yake kama anavyoagwa mtoto wa safari ya mbali. Alichinja kuku. Aliita ndugu. Mzee wa kanisa aliomba kwa muda mrefu. Aliombea madaraja, mabonde, breki za basi, wanyama wa porini na watu wa lugha ngeni. Shangazi yake Vale, Metrine, alimshika mabega.

"Huko uendako, mwanangu, usile kwa watu. Na ukikumbuka nyumbani, usilie. Tazama mwezi. Mwezi ni mmoja."

Nyuma ya shangazi Metrine lilionekana paa la bweni la Nyarongere. Mtu mmoja alikuwa dirishani akipiga mswaki, akitutazama.

"Mathe," Vale akaninong'oneza, "si niruke tu ua?"

"Nyamaza. Babako analia."

Kweli Joash alikuwa analia. Sanduku lilipanda juu, likafungwa kwa kamba, kamba mbili, na basi likapita sokoni polepole kwa sababu Joash alikuwa akitembea mbele yake akiwaambia watu wasogee. Dereva, Nyamhanga, ni mtu wa subira.

Nilikwenda ofisini kuandika. Mchana ukapita. Saa tisa na dakika ishirini nikasikia basi. Watoto tisa walishuka. Vale alikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa ametapika Sori wakienda na Sori wakirudi.

"Wapi fomu?" nikamuuliza.

Akanipa. Haikuwa na muhuri.

"Hakuna aliyegongewa," Nyamhanga akasema. "Muhuri umefungiwa kabatini. Mwenye ufunguo amekwenda Homa Bay mjini, kwenye warsha."

"Warsha gani?"

"Ya kupunguza safari zisizo za lazima. Anarudi Jumatatu."

Niliwachukua wote tisa hadi ofisini. Mkurugenzi alikuwa mezani akila njugu. Madam Nyanchoka alikuwa na daftari la kupokea wanafunzi limefunguliwa, kalamu tayari. Mzee Obare alikuwa amelala kwenye kiti, kofia usoni. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu.

Mkurugenzi alizitazama zile fomu moja moja, akatikisa kichwa.

"Hawa hawajafika."

"Mkurugenzi, hawa hapa."

"Nawaona."

"Wametoka hapa alfajiri, wamekwenda hadi Sindo, wamerudi hapa. Huyu ametapika mara mbili."

"Matapishi si muhuri, Bi Katibu." Alitafuna njugu moja. "Ameketi mbele yangu, sikatai. Lakini kiutawala, mtoto huyu hajafika. Warudi Sindo Jumatatu."

"Jumatatu nafasi zitakuwa zimekwenda! Mwisho ni saa kumi leo."

"Basi zitakwenda kwa walio kwenye orodha ya kusubiri. Sheria haina mama."

Madam Nyanchoka aliinua karatasi ya orodha ile, akaniletea. Jina la kwanza lilikuwa la binti wa dada yake Mkurugenzi, wa Nakuru. Mtu wa Nakuru yuko nje ya kilomita tatu. Hahitaji muhuri.

"Nimesikia anapenda sana sayansi," Mkurugenzi alisema akitazama dari.

Vale hakulia. Alitazama dirishani, upande wa maabara. Mtu alikuwa amefungua bomba kule, na maji yalisikika yakimwagika kwenye sinki.

Nikavuta kiti, nikaketi. Nikafungua daftari la kumbukumbu.

"Mkurugenzi, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Leo asubuhi umetoka wapi?"

"Nyumbani kwangu. Unapajua, pale penye mabati ya kijani."

"Kutoka pale hadi langoni ni kilomita ngapi?"

Akacheka. "Kilomita! Ni hatua arobaini. Mfano hai wa ukaribu."

"Muhuri wako wa Sindo uko wapi?"

Njugu ilisimama njiani, kati ya sahani na mdomo.

"Muhuri wangu wa nini?"

Nikamsomea kanuni ya saba, polepole, kwa sauti ile ninayotumia nikiwasomea watu ratiba. Mtu yeyote anayeishi ndani ya kilomita tatu kutoka lango la shule, akiingia bila muhuri wa Sindo, atahesabiwa kuwa hajafika.

"Hiyo ni ya wanafunzi!" akasema.

"Niliandika wanafunzi. Ukasema ni neno dogo, halina kifua. Wino mwekundu huu ni wako."

"Lakini mimi niko hapa!"

"Umeketi, Mkurugenzi, sikatai. Ila hujafika."

Akaruka juu. "Na wewe je? Wewe unaishi hapo nyuma ya kuku wako!"

Nikaweka mezani fomu yangu yenye muhuri wa Alhamisi. Ulikuwa umegongwa vizuri, wa zambarau, katikati kabisa.

"Huyu?" Akamnyooshea kidole Madam Nyanchoka.

"Natoka Migori mjini, Mkurugenzi. Kila siku, na vumbi lote."

Akamgeukia Mzee Obare, akakumbuka mzee anatoka Sindo yenyewe, akashusha kidole.

"Kanuni ya tatu," nikaendelea. "Mwenyekiti asipofika, mjumbe mkubwa kwa umri ataongoza kikao. Mzee Obare! Mzee! Amka, wewe ni mwenyekiti."

Mzee akatoa kofia usoni. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, kumbe. Ajenda ni moja. Watoto hawa tisa walikwenda Sindo leo, wakakosa muhuri kwa sababu umefungiwa. Je, Kamati inakubali kwamba walifika?"

"Hii ni dhihaka!" Mkurugenzi akafoka. "Kamati inataka ushahidi!"

"Huyo anayesema ni nani?" Mzee Obare aliniuliza.

"Hajafika bado."

"Aha." Mzee akawageukia watoto, akamchagua Vale. "Wewe, binti. Hapo Sindo, kwenye ofisi ya muhuri, uliona nini?"

"Mlango umefungwa, Mzee."

"Na mlangoni?"

"Punda. Alikuwa amesimama hapo mlangoni. Tulimsukuma, akakataa."

"Sikio lipi limekatika?"

"La kushoto," watoto wote tisa wakasema pamoja.

Mzee Obare akapiga meza kwa kofi.

"Ni wangu! Hawa wamefika Sindo. Punda wangu hajawahi kusimama mahali pengine. Wapokewe."

"Naunga mkono," Madam Nyanchoka akasema, na tayari alikuwa anaandika majina. Alianza na Valentine. Saa ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na moja.

Nilitoka nje mbio. Joash alikuwa kando ya basi, amekuja kumpokea mtoto kutoka mbali, suti ya harusi yetu mwilini.

"Baba Vale! Sanduku bwenini, sasa hivi!"

"Nilikuwa nafikiri kwanza tulipitishe sokoni, watu waone limeru—"

"Joash!"

Akalifungua, kamba zote mbili, akajitwika kichwani, akaingia langoni akikimbia na kupaza sauti, "Nipisheni! Nipisheni, mtoto wangu ametoka mbali!" Watu wakampisha, hata askari akasahau kuuliza muhuri. Lilitua bwenini saa kumi kasoro dakika tatu, na askari akafunga daftari la mapokezi.

Mkurugenzi alinifuata nje, uso umeiva.

"Nitaubatilisha uamuzi huu! Leo hii!"

"Una haki hiyo kabisa," nikamwambia. "Ukifika."

Alisimama pale akifikiri, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, hakuona njia nyingine. Alijaribu kwanza kijilango chake cha uani. Askari, ambaye alikuwa amepewa nakala ya kanuni na kuisoma, alimuuliza muhuri. Basi Mkurugenzi akarudi, akapanda basi.

"Kaa nyuma, mheshimiwa," Nyamhanga akamwambia. "Kiti cha mbele kinatapisha."

"Nitagongewa muhuri saa ngapi?"

"Jumatatu, warsha ikiisha." Nyamhanga akawasha injini.

Kwa kuwa ndugu walikuwa bado wapo na kuku hakuwa ameisha, hatukuweza kumwacha mtu aende hivihivi. Mzee wa kanisa akamuombea madaraja na breki. Shangazi Metrine akampitishia paja la kuku dirishani, limefungwa kwa gazeti, akamwambia huko aendako asile kwa watu, na akikumbuka nyumbani atazame mwezi. Basi likapita sokoni polepole. Watu walisimama kwenye vibanda, wakampungia mkono kwa heshima ambayo hatukuwahi kumwonyesha kwa muda wote aliokaa nasi.

Joash alinijia akipangusa jasho, akatazama vumbi la basi.

"Mkurugenzi anakwenda wapi?"

"Ofisini kwake."

Akalifuata basi kwa macho hadi likapotea kwenye kona ya barabara ya Sori. Kisha akavua kofia.

"Mbali hivyo?" alisema. "Kumbe ni mtu mkubwa."